Mtoto wa Kwanza wa Tarehe Kumi na Tisa

Katika kijiji cha Mwalusambo, upande wa Maswa, mambo yote makubwa yalitokea tarehe kumi na tisa Agosti. Zahanati ilifunguliwa tarehe hiyo mwaka themanini na nne, siku ya Jumapili, enzi ambazo Simiyu haijawa mkoa na watu wa huko bado wakihesabiwa Shinyanga. Mashine ya kwanza ya kusaga ilizinduliwa tarehe hiyohiyo, miaka michache baadaye. Kisima cha pampu, tarehe hiyohiyo. Mnara wa simu, tarehe hiyohiyo. Hata umeme uliwashwa tarehe hiyohiyo, saa nane mchana, jua likiwa kali. Watu wakaitazama balbu na kupiga makofi.

Wageni waliosikia habari hizi walidhani kijiji kina bahati ya ajabu. Wenyeji hawakuona ajabu yoyote. Agosti pamba imeshauzwa, watu wana nafasi, na ng'ombe wa kuchinja hakosekani.

Katika mambo yote hayo ya kwanza, moja tu lilikuwa na miguu, nalo ni Felisita Ngassa. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa katika zahanati ya Mwalusambo, siku ileile ilipofunguliwa. Kila mwaka, kwenye Siku ya Kijiji, tarehe hiyohiyo, alikalishwa mbele kati ya mgeni rasmi na katekista. Alipokuwa mchanga alipimwa uzito mbele ya umati na kilo zake zikatangazwa kwa kipaza sauti. Alipoanza shule alisimamishwa akiwa na sare. Alipomaliza darasa la saba, shangazi yake wa Mwanza alitaka kumchukua akasome huko. Suala likapelekwa kwenye mkutano wa kijiji, mkutano ukauliza ni nani atakayekaa kwenye kiti, na Felisita akabaki.

Alipoposwa na Marcelo, fundi wa injini za mitumbwi kutoka Lamadi, wazee walitaja ng'ombe, kisha wakaongeza sharti kwamba binti atarudi kila Agosti. Marcelo alikuwa amejiandaa kubishania ng'ombe tu, kwa hiyo sharti lile lilimpita. Na mimba ya kwanza ya Felisita ilipoangukia mwezi huo, mwenyekiti wa wakati huo alimwendea na kumwomba, kwa heshima zote, ajitahidi mpaka tarehe kumi na tisa. Alijifungua ishirini na moja. Hakuna aliyemlaumu waziwazi.

Zawadi yake haikuwahi kubadilika: beseni, kitenge na mche wa sabuni. Huko Lamadi, ambako aliuza samaki, alikuwa na mabeseni mengi kuliko mfanyabiashara yeyote wa samaki, na ile ni biashara ya mabeseni.

Mwaka wa arobaini ulipokaribia, mwenyekiti Jeremia alimpigia simu mapema. Felisita alikuwa sokoni akigeuza vipande vya sangara kwenye mafuta.

"Wa Kwanza, mwangaluka," akasema Jeremia.

"Mwangaluka, mwenyekiti."

"Mwaka huu ni arobaini. Mgeni anatoka mkoani, Bariadi. Redio nao wanakuja. Kamati imeamua uzungumze."

"Nizungumze nini?"

"Ulivyozaliwa."

"Mwenyekiti, mimi sikumbuki."

"Si umuulize mama yako? Dakika tano zinatosha."

Felisita alikata simu, akaunguza vipande viwili. Miaka yote hiyo watu walikuwa wamesema juu yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kushikishwa kipaza sauti. Alishangaa kuona kwamba amefurahi.

Alipanda basi siku mbili kabla ya sherehe, akamwachia Marcelo biashara na maagizo mengi. Alimkuta mama yake uani, ameketi kwenye kigoda, akikata viazi vitamu vya kuanika michembe. Mama yake aliitwa Evalina. Alikuwa mzee sasa, lakini kisu chake kilikuwa bado na haraka.

"Mwadila, mayu," Felisita alimwamkia.

"Mwadila, ng'wanone. Mbona mapema?"

"Wameniambia nihutubie. Nieleze nilivyozaliwa. Nimekuja unisimulie."

"Waambie ulizaliwa ukiwa mzima."

"Hiyo si dakika tano, mayu. Nianzie mwanzo. Ulifika zahanati saa ngapi? Ulitembea, au walikupeleka na mkokoteni?"

"Siku gani?"

"Siku niliyozaliwa."

Evalina alitupa kipande kwenye ungo. "Siku uliyozaliwa sikwenda popote. Ulizaliwa hapa nyumbani. Siku ya Ijumaa, tarehe kumi na saba."

Felisita alikaa chini, juu ya mfuko wake wa dagaa. "Leo ni tarehe kumi na saba," akasema.

"Ndiyo. Hongera."

Kuku alipita kati yao. Felisita alimwangalia mama yake akikata kiazi kizima mpaka mwisho, ndipo akauliza ilikuwaje.

Ilikuwa hivi, Evalina akasema. Jumamosi jioni Nesi Blandina alikuja mbio. Nesi alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mgeni kijijini, na alikuwa karibu kulia. Wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake, na kwenye hotuba yao ilishaandikwa kwamba mtoto wa kwanza amezaliwa salama. Mtoto hakuwepo. Nesi alikuwa amezunguka nyumba baada ya nyumba. Nyumba moja ilikuwa na mtoto wa miezi minne, lakini alionekana mkubwa mno, tena alikuwa na jino.

"Kwa hiyo wakaja kukuazima wewe," Evalina alisema. "Asubuhi nikapelekwa, nikalazwa kwenye kitanda chenye shuka jeupe. Yule mkubwa akaingia, akakubeba, watu wakapiga vigelegele. Ukamkojolea."

"Hilo la kukojoa wanalisema kila mwaka."

"Hilo ni la kweli."

"Mayu, kwa nini ulikubali?"

Evalina aliweka kisu juu ya paja. "Kabla yako nilizika wawili. Mmoja surua, mwingine sikujua ni nini. Nesi aliahidi chanjo na blanketi. Angetaka niseme ulizaliwa mwezini, ningesema."

"Na mimi hukuniambia."

"Ukiwa na miaka mitano ungesema kwa watu. Ukiwa na ishirini ungekasirika. Nikaona nisubiri."

"Sasa nina arobaini."

"Na umekasirika," Evalina alisema, akachukua kiazi kingine.

Ni kweli alikuwa amekasirika, ila hakujua hasira aielekeze wapi. Alimfikiria shangazi wa Mwanza, akajiona akishuka kwenye basi kule na sanduku la bati. Alifikiria jinsi alivyolala ubavu wa kushoto siku tatu mfululizo na ile mimba yake kwa sababu mwenyekiti alisikia kwamba ubavu wa kushoto unachelewesha. Kisha akafikiria wale wawili waliozikwa, ambao hakuwahi kusikia wakitajwa, na akashindwa kuendelea kukasirika kwa kasi ileile.

"Basi mtoto wa kwanza wa zahanati ni nani?" akauliza.

"Wa Milembe. Nkwabi."

"Nkwabi wa maturubai?"

"Huyohuyo. Milembe alifika wageni wakiwa katikati ya hotuba. Mimi nilikuwa kitandani nimeshikishwa maua. Nilimpisha."

Felisita alisema, polepole, kwamba atayaeleza haya mbele ya watu. Akamtazama mama yake aone kama atakatazwa.

"Sema tu," Evalina akajibu. "Watanifanya nini? Watadai blanketi? Lilishachakaa."

Nkwabi alikuwa mtu wa kukodisha maturubai, viti na spika kwa arusi, misiba na mikutano. Siku iliyofuata Felisita alimkuta uwanjani mbele ya zahanati, akigongea vigingi. Vumbi la uwanja wa Nyakabindi lilikuwa bado kwenye viti vyake tangu maonyesho ya Nane Nane.

Baada ya salamu, Felisita aliuliza, "Nkwabi, wewe ulizaliwa wapi?"

"Pale." Alionyesha zahanati kwa nyundo.

"Lini?"

"Kesho."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua. Mama alinieleza tangu mdogo." Aligonga kigingi mara moja, akakijaribu kwa mguu. "Nilikuwa nakuona mbele pale, umefungwa kola mpaka shingoni, unasikiliza hotuba za pamba. Mimi nilikuwa jikoni na wapishi, nakula maini. Nilimwambia mama asimwambie mtu yeyote."

Felisita hakujua acheke au la. "Mimi kesho nitasema."

Nyundo ikasimama. "Umefikiri vizuri?"

"Nimefikiri."

"Utasema kabla ya chakula au baada?"

"Nafasi yangu ni kabla."

Nkwabi alitazama turubai kama mtu anayetazama shamba lililoingiwa na ng'ombe. "Haya," akasema. "Nitahakikisha spika zinasikika."

Tarehe kumi na tisa ikafika. Watu walitoka vijiji vya jirani, wengine mpaka Shishiyu. Mgeni rasmi, ofisa mmoja mstaarabu mwenye suti ya kijivu, alikagua mnara, pampu na mashine ya kusaga, akaambiwa tarehe ya kila kimoja, na kila mara akasema, "Ajabu sana." Msichana wa redio, jina lake Gloria, alitembea nyuma yake na kinasa sauti. Nesi Blandina, ambaye sasa alikuwa mstaafu mwenye mvi, aliketishwa mstari wa mbele. Evalina na Milembe walikaa kwenye mkeka mmoja na kina mama wengine, kama walivyokaa miaka yote.

Jeremia alimtambulisha Felisita kwa sauti kubwa. Alitaja tarehe, alitaja zahanati, alitaja mkojo. Watu wakacheka mahali pa kucheka. Kisha akampa kipaza sauti.

Felisita alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni Felisita binti Ngassa," akasema. "Nilizaliwa tarehe kumi na saba, nyumbani kwetu. Tarehe kumi na tisa nililetwa hapa kuonyeshwa kwa wageni. Aliyezaliwa zahanati siku ile ni Nkwabi wa Mayu Milembe. Yule pale kwenye spika. Nimeambiwa juzi. Nimeona niwaambie na ninyi. Asanteni."

Watu wakapiga makofi, kwa sababu amesema asanteni.

"Maneno mazito kabisa," Jeremia akasema, maana hakuwa amesikia, alikuwa akinong'onezana na mpishi. "Ndiyo faida ya zahanati, ndugu mgeni rasmi. Makofi tena!"

Wakapiga tena, lakini haya ya pili yalikatika njiani. Mzee mmoja akasikika akimuuliza jirani yake, "Amesema amezaliwa wapi?" Jirani akamwambia. Jirani wa jirani naye akauliza. Neno likatembea mkeka hadi mkeka, likarudi mpaka mbele, likamfikia Jeremia kwa mdomo wa mpishi.

Jeremia alitabasamu kwa muda mrefu. "Felisita, mama, umechoka na safari?"

"Sijachoka, mwenyekiti."

"Nesi," akasema Jeremia, akigeuka, "hebu tusaidie."

Nesi Blandina alisimama taratibu. Alivua miwani, akaivaa tena. "Ni kweli," akasema. "Zahanati mnajua ilikuwa imeshaanza kazi tangu Mei. Nilikuwa natibu malaria mle ndani bila ufunguzi. Wajawazito ndio nilikatazwa kuwapokea mpaka utepe ukatwe."

"Tangu Mei?" mgeni rasmi akauliza.

"Tangu Mei, mheshimiwa."

Hapo Anatoli, katekista, akanyanyua mkono. Alikuwa mtu mpole ambaye hakupenda kuona mwanamke akisimama peke yake mbele ya kijiji kizima. Alisema, kwa kuwa ni siku ya kusema, mashine ya kusaga nayo ilishasaga mahindi ya nyumbani kwake wiki nyingi kabla ya kuzinduliwa. Walikuwa wakienda kwa kificho. Mama mmoja akadakia kwamba yeye pia. Bodaboda mmoja akasema mnara ulikuwa unashika mtandao tangu Juni, aliukuta kwa bahati mbaya, akawa anapiga simu akiwa amejificha nyuma ya choo cha shule. Fundi wa pampu hakutaka kusema kitu, lakini watu wakamwangalia mpaka akasema, "Maji yalitoka Aprili."

"Na umeme?" mtu akauliza.

"Umeme ulikuwa wa tarehe yenyewe," Jeremia akasema haraka.

"Ulikatika palepale baada ya makofi," Anatoli akamkumbusha kwa upole. "Ukarudi Oktoba."

Gloria wa redio alikuwa amesogeza kinasa sauti kila alipokwenda msemaji, na sasa alikuwa anakimbia kwa kweli. Mgeni rasmi aliitazama hotuba yake, akageuza ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akarudi wa kwanza.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "nisaidie ili nielewe. Tarehe kumi na tisa Agosti, hapa Mwalusambo, kilitokea nini?"

Jeremia alifungua mdomo. Alitazama mnara, pampu, mashine. Alitazama nyaya za umeme.

"Alizaliwa Nkwabi," sauti ikasema kutoka mkekani.

Ilikuwa sauti ya Milembe. Hakusimama. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na wengi hawakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akisema kwenye mkutano.

"Nilikuja peke yangu," akasema. "Nilikuta ninyi nyote mko nje mnasikiliza. Evalina alinipisha kitanda, akanishika mkono. Nesi alikuwa kwenye kwaya. Nilimzaa nikiisikia hotuba dirishani. Walikuwa wanasema mama asijifungue bila msaada." Akaongeza, "Lilikuwa godoro jipya. Nilikuwa sijawahi kulala kwenye godoro."

Felisita alimgeukia mama yake. Evalina alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe. Kuhusu kushika mkono hakuwa amesema neno lolote.

Jeremia alikuwa na makosa yake, lakini kiongozi alikuwa. Alikwenda mpaka kwenye spika, akamshika Nkwabi kiwiko, akamleta mbele na kumkalisha. Beseni, kitenge na mche wa sabuni vikakabidhiwa kwake. Nkwabi alivipokea kwa mikono miwili, akavipeleka moja kwa moja mkekani, akaviweka magotini kwa Milembe. Kisha akageuka kurudi kwenye spika, ikabidi aitwe tena.

Mgeni rasmi akasoma hotuba yake. Ilikuwa imeshachapwa na haingebadilika. Kila ilipofika "Mama Felisita, kielelezo cha zahanati hii," alinyoosha mkono mahali fulani kati ya kiti cha Felisita na cha Nkwabi, penye katekista. Anatoli aliinamisha kichwa kila mara, kwa adabu.

Chakula kilichelewa sana. Nkwabi alikula hapohapo mbele, mgeni rasmi akimuuliza habari za pamba, na watu walisema hawajawahi kumwona akila polepole vile.

Felisita hakungoja ngoma. Alitembea na mama yake kurudi nyumbani, mwendo wa mzee, kituo hadi kituo. Watu waliokutana nao waliwasalimu kama kawaida. Mmoja tu ndiye aliyemwita Felisita "wa pili," akacheka mwenyewe.

"Hukuniambia ulimshika mkono," Felisita alisema.

"Hukuuliza. Uliuliza habari za mkokoteni."

Walipofika uani, Evalina alitaka kuingia ndani kupumzika, lakini Felisita alimzuia kidogo.

"Nionyeshe mahali."

"Mahali gani?"

"Niliposhukia."

Nyumba ya zamani ilikuwa imeanguka miaka mingi. Palibaki mwinuko wa udongo nyuma ya banda la mbuzi, na juu yake Evalina alikuwa ametandaza michembe ikauke. Felisita alizunguka ule mwinuko, akasimama ukingoni.

"Hapa?"

"Hapo palikuwa mlango. Sogea."

Akasogea. "Hapa?"

"Kidogo tena. Usikanyage viazi."

Felisita alikusanya kanga yake, akavuka safu ya michembe, akasimama. Evalina alimwangalia kwa makini, kichwa upande, kama anayepima nguo. Kisha akaitikia kwa kichwa, akaja naye taratibu mpaka pale, akaegemea bega la mwanawe na kuanza kumsimulia: jinsi baba yake alivyokimbia kumwita mkunga akarudi na mkunga wa ng'ombe, jinsi ilivyokuwa asubuhi na ndama wote bado wamefungwa, wanalia, na yeye Evalina akitumbukiza sauti yake katikati yao hata jirani asijue ni nani aliyezaa. Ilikuwa habari ndefu kupita dakika tano. Felisita alisikiliza yote.